Vistari Viwili Kabla ya Kufungua Kivinjari

Siku mliyonipikia pilau la kuniaga, mmoja wenu aliniuliza ni kitu gani cha ajabu nilichokiona miaka yote niliyokaa na kompyuta pale kituoni Kilindoni. Nikamjibu kwamba cha ajabu ni ule mstari mdogo ambao hakuna anayeusoma. Mkacheka, mkadhani nimeshiba. Sasa nina nafasi. Magoti yanauma lakini vidole bado vizima, kwa hiyo nimekaa niwaandikie nilichokuwa nakimaanisha. Habari za vyeo nitaziruka, maana nilivyopata vilikuwa vichache, na mshahara mnaujua, ndio huohuo mnaoupokea.

Niliingia kazini nikiwa mpiga chapa. Vidole vyangu vilizoea taipureta, mashine ambayo usipoipiga kwa nguvu haikusikii, na kompyuta ya kwanza niliyokabidhiwa niliitwanga kibodi hadi mkuu wa kituo, Bwana Shebe, akaja kusimama nyuma yangu.

"Bi Arafa," akasema, "hiyo haina ugomvi na wewe. Iguse tu."

Bwana Shebe alikuwa mtu wa Tanga, mrefu, mpole, mwenye shati lililonyooka pasi hata wiki ambayo kisiwa kizima hakina umeme. Wengine siku ya kwanza hufundishwa kushika kipanya. Mimi alinifundisha kutoamini aikoni. Alibofya upande wa kulia juu ya aikoni ya kivinjari, akafungua sehemu ya sifa zake, akaniuliza naona nini. Nikasema naona picha na jina.

"Hiyo ni sura," akasema. "Sura haifungui kitu. Kinachofungua ni huu mstari hapa chini."

Nikainama nikausoma. Ulikuwa anuani ya mahali programu ilipokaa ndani ya diski, imefungwa ndani ya alama za kunukuu. Akanionyesha kwamba baada ya alama ya mwisho ukiacha nafasi, ukaweka vistari viwili na neno, basi kivinjari kilekile kitafunguka na tabia nyingine. Unaweza pia kuuandika mstari huohuo kwenye lile dirisha jeusi la amri, matokeo ni yaleyale. Maneno hayo yeye aliyaita vistari, na sisi sote pale kituoni tukayaita hivyo.

"Yako mangapi?" nikamuuliza.

"Sijui. Na nadhani hata waliokitengeneza hawayakumbuki yote."

Jibu hilo ndilo lililoniharibu. Sikuwahi kabla ya hapo kumsikia mkuu wa ofisi akisema hajui, tena akiwa na furaha usoni. Tangu siku hiyo nikawa mtu wa kuuliza hili ni la nini, na lile je, mpaka wenzangu wakawa wananikimbia wakati wa chai.

Tulikuwa na kompyuta moja ya kona ambayo feni yake ililia mchana kutwa. Tuliiita Kinanda. Hiyo ndiyo niliyoonjea vistari. Wateja wakiondoka kwenda kuswali na kula, mimi nakaa na Kinanda, naweka kistari kimoja, nafungua, natazama. Sheria niliyojiwekea ni kuonja kimoja kimoja, kwa sababu ukitia viwili pamoja kisha mambo yakaharibika, hujui kipi kimekuponza. Sheria hiyo bado inafaa, na kuna mmoja wenu namjua haifuati.

Siku moja nikaonja --kiosk. Ukurasa ukajaa skrini nzima, hakuna kitufe cha kufunga, hakuna saa pembeni, hakuna njia ya kutokea. Bwana Shebe alirudi kutoka msikitini akanikuta nimekaa nakodoleana macho na ukurasa ule. Akainama, akabonyeza Alt na F4 kwa pamoja, dirisha likafunga, akaenda mezani kwake bila kusema neno. Huko ndiko kucheka kwake.

Nikaonja --disable-extensions, kikawa rafiki yangu wa kila siku. Mteja akilalamika kwamba kurasa zinaruka na matangazo ya kamari yanamzonga, nakifungua kivinjari na kistari hicho, ambacho huzima vile viongezeo vyote vilivyojipachika humo. Kama utulivu ukirudi, basi mchawi ni kiongezeo, si mtandao, na huna haja ya kumlaumu mtu wa minara.

Nikaonja --incognito, dirisha la faragha, na hapo ndipo nilipogundua watu wanavyokitwika kistari hicho mzigo usio wake. Dirisha hilo likishafungwa, kompyuta haikumbuki ulikopita. Basi. Mwenye mtandao anakuona kama kawaida, na tovuti uliyoitembelea inajua kuna mtu alikuja. Mteja mmoja aliniuliza kama linamficha na mkewe. Nikamwambia linamficha na kompyuta, mke ni mtambo mwingine.

Kuna jambo lilinihangaisha muda mrefu kabla sijalielewa, na nawaomba mlishike. Nilikuwa naandika kistari vizuri kabisa, nafungua, na hakuna kinachobadilika. Nafuta, naandika tena, hola. Kumbe kivinjari kilikuwa tayari kinafanya kazi nyuma ya pazia, na kikiwa kimeshaamka, hufungua dirisha jipya tu na vistari vingi ulivyokipa havisikilizwi. Funga kila dirisha, kisha angalia kwenye orodha ya programu zinazofanya kazi kama kweli kimelala. Ndipo ufungue upya.

Kistari nilichokitafakari kuliko vyote ni --no-sandbox. Nilikikuta kwenye jukwaa moja la mtandaoni, mtu anawashauri wenzake kwamba kivinjari kikigoma kufunguka, weka hicho. Nikaweka. Kikafunguka, lakini juu ya ukurasa ukatokea ukanda wa njano unaosema kwamba usalama utaathirika. Wengi hubofya alama ya kufunga ukanda ule kama wanavyofukuza nzi. Mimi nikatafuta maana ya neno lenyewe kwenye kamusi, nikaambiwa ni boksi la mchanga. Nikamwendea Bwana Shebe.

"Boksi la mchanga la nini?"

"Watoto wa Ulaya huwekewa mchanga ndani ya boksi wakacheza humo."

"Kwani hawana pwani?"

"Wengine hawana, Bi Arafa."

Niliwahurumia kwa kweli. Kisha akanieleza kwamba kila ukurasa unaoufungua ni kama mtoto wa watu: hujui kalelewaje. Kivinjari kinauweka ndani ya uzio ucheze humo, usitapakaze mchanga nyumba nzima, usifike kwenye mafaili yako. Kistari kile kinauondoa uzio. Nikakitoa kwenye Kinanda siku hiyohiyo, na sijakiweka tena kwenye kompyuta yoyote anayoikalia mtu.

Baadaye likaja suala la saa. Kompyuta ya mlangoni ilianza kukataa kurasa zote za maana. Kila ukifungua barua pepe inakuletea onyo jekundu kwamba muunganisho si wa faragha. Fundi mmoja aliyekuja kwa kazi nyingine akatusaidia haraka, maana alikuwa na boti ya kuwahi. Aliweka --ignore-certificate-errors, onyo likanyamaza, wateja wakamshukuru, naye akaondoka zake. Lakini mimi usingizi haukuja vizuri. Kitu kilichokuwa kinapiga kelele kimenyamazishwa, sawa, ila kilikuwa kinapigia kelele nini?

Nikakaa na kompyuta ile mchana mzima. Mwishowe macho yakatua kwenye saa ya pembeni, nikaona mwaka. Kwa mujibu wa kompyuta ile, bado nilikuwa msichana natwanga taipureta. Kibetri cha duara kilichomo ndani, kinachoitunzia tarehe umeme ukikatika, kilikuwa kimekufa, na hewa yetu ya chumvi imekitia kutu. Vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe ya kuanza na ya kwisha, kwa hiyo kompyuta iliyokwama zamani inaona kila cheti hakijaanza kazi. Nikaenda sokoni kwa fundi saa, nikanunua kibetri, nikakipachika, nikarekebisha tarehe, nikakitoa kile kistari. Onyo halikurudi. Bwana Shebe akasema kwamba kistari cha kunyamazisha ni rahisi kukipata kuliko betri, na ndiyo maana vimejaa duniani.

Nafika sasa kwenye kistari chenyewe, kile kilichonifanya niwaandikie.

Umeme wetu mnaujua. Mtu anajaza maombi ya chuo, kurasa nane, yuko ya saba, giza. Mara nyingi watu waliinuka na machozi. Bwana Shebe hakuweza kuvumilia. Akatafuta mpaka akakipata --restore-last-session, akakiweka kwenye aikoni za kompyuta zote. Kazi yake ni kwamba kivinjari kikifunguliwa kinarudisha kurasa zote zilizokuwa wazi mara ya mwisho, hata kama kilizimika ghafla, na mara nyingi mtu anakuta bado ameingia kwenye akaunti yake. Siku ya kwanza kilipofanya kazi, mama mmoja aliona kurasa zake zinarudi, akamwombea Bwana Shebe dua palepale amesimama. Sote tulikipenda kistari hicho. Bwana Shebe alipostaafu na kurudi kwao Tanga, alituachia kistari hicho kama tunu.

Miaka ikapita. Zahanati ya Juani, kisiwa kidogo cha jirani, ikaletewa nesi mgeni, jina lake Zuhura, mtu wa bara, mwembamba, anayecheka kwa kuziba mdomo. Alikuwa anavuka kuja Kilindoni kila maji na kazi vilipomruhusu, kwa sababu majibu ya daktari bingwa wa bara yalikuwa yanakuja kwa barua pepe na mafaili yaliyoambatanishwa hayakufunguka kwenye simu yake. Alikuwa anajipangia kukaa kwenye kompyuta ya ukutani, skrini imegeukia pembe, asichunguliwe. Nilimpenda kwa hilo.

Alasiri moja alikuwa anasoma jibu la daktari kuhusu mgonjwa wake mmoja, Bi Mize wa Juani. Umeme ukakatika. Sasa, ninyi mnajua tunavyofanya hapa kisiwani umeme ukikatika: kazi imefungwa. Wateja wanainuka, wanajinyoosha, wanasalimiana upya kama wamekutana sasa hivi, wanatoka. Sijaona hata mmoja aliyewahi kufikiri kwamba kuna kitu kimebaki wazi. Skrini nyeusi, ufunge nini tena? Zuhura naye akabeba mkoba wake akawahi chombo cha kuvukia pale Utende. Umeme ukarudi yeye akiwa njiani. Mteja aliyefuata akakaa, akawasha, akabofya aikoni, na barua ya daktari ikaja mbele yake, na jina la Bi Mize juu, na ugonjwa wake chini ya jina.

Ugonjwa wenyewe sitautaja, hata hapa.

Hayo yote wakati huo sikuyajua. Niliyajua Zuhura alipokuja tena. Hakwenda kwenye kompyuta, alivuta kiti akakaa mbele ya meza yangu, na uso umemsinyaa.

"Bi Arafa, mimi nimekwisha."

"Umekwisha vipi?"

"Ugonjwa wa Bi Mize unasemwa kisimani. Unasemwa kwenye mashamba ya mwani. Yeye anasema aliyejua ni mimi peke yangu, kwa hiyo nimemwanika mimi. Na ni kweli nilijua peke yangu! Sasa hanywi dawa zangu. Daktari kauliza kama atakubali kwenda bara atibiwe, sina la kumjibu, hanifungulii mlango. Na wengine wamefuata. Wajawazito hawaji. Mmoja kajifungulia nyumbani, nimeitwa damu inakwenda."

"Akapona?"

"Kapona. Na mwingine je?"

Lakini mimi hata nikiwa na huzuni udadisi haunitoki, nikamuuliza, "Siku ile uliyosoma barua, uliifunga?"

"Umeme ulikatika."

"Nakuuliza uliifunga?"

"Bi Arafa, umeme ulikatika!"

Nikainuka, nikaenda kwa Kinanda, nikafungua barua ya kituo, nikachomoa waya ukutani. Nikauchomeka tena. Feni ikalia, skrini ikaja, nikabofya aikoni. Barua ikarudi ilivyokuwa. Kistari ambacho tulikipenda wote kilikuwa kinafanya kazi yake kwa uaminifu, kikimrudishia kila aliyekaa mambo ya aliyeinuka. Zuhura akashika kinywa chake. Mimi nikashika simu.

Bwana Shebe alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kile nilikiweka mimi," akasema.

"Najua."

"Nilikiweka kwa huruma."

"Najua, Bwana Shebe."

"Kitoe leo. Na huyo mama mwambie aliyekiweka ni mimi, jina langu umtajie."

Nikazunguka kompyuta moja baada ya nyingine nikikifuta kistari kile. Mahali pake nikaweka --guest. Huyo ni mgeni: kivinjari kinafunguka kitupu, hakina historia wala neno la siri la mtu, na kikifungwa au kikizimika hakiachi ulichofanya. Mwenye maombi ya kurasa nane nikamwelekeza aandike kwanza pembeni, ahifadhi kila mara, kisha anakili. Walinung'unika. Wacha wanung'unike.

Kilichobaki kilikuwa kigumu kuliko vistari. Nikapanda bajaji mpaka Utende, nikavuka kwenda Juani. Bi Mize alikuwa uani kwake anafunga mbegu za mwani kwenye kamba, mwanamke mkubwa kwangu, mkono mwepesi. Wanawake wa mwani wa pale wote humsikiliza yeye.

"Shikamoo, Bi Mize."

"Marahaba. Umetumwa na yule?"

"Sijatumwa. Mimi ni wa kompyuta Kilindoni. Nimekuja kukwambia siri yako ilitokea kwangu, kwenye mashine yangu, si mdomoni kwa nesi."

Hakunikaribisha kukaa. Nikaeleza nikiwa nimesimama, nikamtaja na Bwana Shebe kama alivyoagiza. Kamba ikawa inaendelea kupita vidoleni mwake. Nikajua namaliza maneno bure, maana angeniamini kwa nini? Nilivyokuwa nageuka kuondoka ndipo aliposema, kwa sauti nyingine kabisa:

"Umeme ukizimika, hayo maandishi yanakaa wapi?"

"Ndani ya diski. Chuma kidogo kimo ndani ya mashine."

"Gizani?"

"Gizani."

Akaiweka kamba chini. Nilimwona usoni kitu ninachokijua, kwa sababu ndicho ninachoishi nacho. "Hebu nije nikaone," akasema.

Akaja kesho yake, wakati kituo kimefungwa kwa wateja. Zuhura, niliyekuwa nimemwita, alikuwa amefika mapema. Bi Mize akampita bila kumtazama, akasema huyo abaki nje. Zuhura akakaa kwenye ngazi. Nilikuwa nimeirudisha Kinanda kwa makusudi kwenye hali yake ya zamani, na kistari kile cha huruma. Nikamvutia Bi Mize kiti, nikafungua barua mpya.

"Nipe neno lolote nisilolijua," nikamwambia. "Liwe siri yako."

Akanisogelea sikioni. Alinipa jina lake, jina la baba yake, na jina la ugonjwa. Vidole vyangu vikagoma.

"Andika," akasema. "Si mnajua wote?"

Nikaandika. Sikuona haya kama siku ile katika kazi yangu yote. Nikamwonyesha neno la ugonjwa liko wapi. Herufi hizi hakuzisoma vizuri, alisoma za Kiarabu, lakini akalitazama umbo lake kwa makini. Kisha nikaenda kwenye swichi kuu nikaishusha. Feni ikanyamaza, skrini ikafa.

"Limekwenda," akasema.

"Bado."

Nikapandisha swichi. Tukasubiri Kinanda iamke, nayo haina haraka. Nikamwambia abofye mwenyewe. Akakishika kipanya kwa mikono miwili, akabofya, na maandishi yakaja. Akaweka kidole juu ya kioo, akafuata umbo la lile neno kutoka herufi ya kwanza hadi ya mwisho.

"Ni lilelile," akasema. "Sasa nionyeshe ulivyotengeneza."

Nikafuta kile kistari mbele yake, nikaweka cha mgeni, nikafungua, nikaingia kwenye barua, nikaandika tena, nikashusha swichi, nikaipandisha. Safari hii alipobofya, ukurasa ulikuja mtupu. Akanitazama.

"Limekwenda wapi?"

Sikutaka kumdanganya. "Barua iko kwenye akaunti, mbali huko. Ila hapa mlango umefungwa, na anayetaka kuingia lazima awe na neno la siri."

"Ingia uifute."

Nikaingia, nikaifuta pamoja na ile ya kwanza, nikazifuta na kule kwenye takataka. Akaniuliza kama sasa imekwisha kweli, nikamwambia imekwisha.

"Na aliyeisoma siku ile ni nani?"

"Namjua, daftari la wateja liko kwangu. Sitakwambia."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ulikuwa unataka mtu mmoja anyamaze, Bi Mize. Acha huyo mtu niwe mimi."

Alinikazia macho mpaka nikadhani nimeharibu kila kitu. Kisha akainuka, akaenda mlangoni.

"Zuhura! Hebu njoo ndani, mwanangu."

Zuhura akaingia. Bi Mize hakumwomba radhi, si mtu wa hivyo. Alimshika mkono akamkalisha kwenye kiti alichokuwa amekalia yeye.

"Daktari aliuliza nini?"

"Aliuliza kama utakubali kwenda bara, mama. Na kama utakwenda na mtu."

"Mwambie nakwenda. Na nakwenda na wewe."

Halafu akabeba kiti kingine, akakiburuta mpaka mlangoni, akakaa katikati ya kizingiti, ametugeuzia mgongo. Haikupita muda wakaja wavuvi wa dago, vijana wa Kilwa waliopiga kambi kaskazini, wanataka kuongea na wake zao kwa video. Nyuma yao akina mama wawili wa Juani waliokuja sokoni, na mmoja wao tumbo limeshakuwa kubwa.

"Hodi! Kumefunguliwa?"

"Ngojeni hapohapo, wanangu," Bi Mize akasema, kwa ile sauti anayowaitia wenzake kwenye mwani. "Nesi wangu yumo ndani, anamjibu daktari wangu."

Yule mjamzito akasimama akamtazama, kisha akachungulia juu ya bega lake kumtafuta Zuhura. Bi Mize akasogeza kiti kidogo, akampisha apite.